Nafasi ya Mke Kwenye Fomu

Siku Mariat alipokutana na Siraj, jua la Jinja lilikuwa kali hata muuza rolex, zile chapati za mayai, pale sokoni akakaanga mayai bila moto. Anayebisha akayaulize mayai. Mariat, gauni lake la njano likimeremeta, alikanyagwa mguu.

"Banange! Wewe bwana, macho umeyaacha nyumbani?"

"Nilikuja nayo," Siraj akajibu. "Hiyo njano ndiyo imeyachoma."

Mariat akacheka. Kicheko hicho ndicho kilichomponza.

Wiki sita simu hazikupoa. Siraj, mwalimu wa shule ya Nkoma kule Mbale, alimwita "muwa wangu". Mariat alifanya kazi ofisi ya bima: maneno ya daktari yanaingia, yeye anayageuza namba. Picha ya eksirei ya titi moja ina namba yake, ya mawili yake. Ya mtu mzima wa afya anayejipima tu, na ya mwenye uvimbe, hazifanani. Ukikosea tarakimu moja, kliniki hailipwi.

Alhamisi ikaja fomu kutoka Mbale. Picha ya matiti mawili, uvimbe kushoto. Mgonjwa: Nakisige. Mwenye bima: Siraj. Uhusiano: mke.

Kalamu ikamdondoka kwa kishindo, jengo zima likatikisika. Akapiga simu.

"Muwa wangu..."

"Mkeo anaendeleaje na titi la kushoto?"

Siraj akashusha sauti.

"Mariat, wallahi, Nakisige ni dada yangu, tumbo moja. Bima haimjui dada, inamjua mke. Uvimbe ulimnyima usingizi. Ningefanyaje?"

Dada! Mariat nusura acheke. Kisha akakumbuka mguu wake.

"Siku ile sokoni, ulijua nafanya kazi wapi?"

Siraj akakohoa, kikohozi cha mtu asiye na mafua.

"Mwanzoni nilitafuta mtu wa kupitisha fomu. Lakini sasa nakupenda, haki ya Mungu! Pitisha hii moja tu, halafu pale kwa mke nitakuandika wewe."

Mariat akafunua karatasi ya majibu iliyobanwa nyuma ya fomu. Akaisoma taratibu, kama anayechambua mchele.

"Mwambie dada alale. Daktari ameandika ni maji tu, hakuna ubaya."

"Alhamdulillahi! Na fomu?"

"Nimeandika: si mke. Inarudi kliniki."

"Na sisi, mpenzi?"

"Nafasi ya mke sasa iko wazi, Siraj. Iache hivyo hivyo."

Akakata simu, akavuta fomu nyingine. Titi moja, la kulia. Namba hiyo aliijua kama jina la mama yake, lakini leo tarakimu zilikuwa zinaogelea machoni.