Glasi ya Tatu ya Sidati

Kila siku, baada ya swala ya alasiri, Sidati aliweka kando sindano yake ya kushonea na kuwasha makaa. Alikuwa fundi wa mahema ya harusi. Katika mji wote wa Guelmim hakuna aliyebishana naye katika mambo mawili: mshono wa hema na chai. Alipomimina, birika lilipanda hadi usawa wa sikio lake, na povu likajaa nusu ya glasi.

Zamani mkeka wake ulijaa wanaume. Watu walikuwa kumi, glasi nne, nazo zilizunguka kutoka mdomo hadi mdomo. Siku hizi alikunywa na mkewe Salka tu.

Miaka miwili iliyopita figo zake zilishindwa kazi. Dada yake, Nguia, akampa moja ya zake. Tangu siku hiyo Sidati alimeza vidonge asubuhi na jioni, vidonge vya kupunguza kinga ya mwili ili figo ile isikataliwe. Korona ilipoingia, daktari wake alimwonya: "Kaa mbali na mikusanyiko. Ukiugua wewe, unaweza kupoteza figo, au roho."

Sasa Nguia alikuwa amepiga simu kutoka mji wa Tan-Tan.

"Mwanangu anaoa baada ya wiki nne," alisema. "Nani atamimina chai kama si mjomba wake?"

Sidati hakulala vizuri usiku ule. Dada aliyekatwa ubavu kwa ajili yake anaomba chai tu, naye ashindwe?

Jumatatu alikwenda kituo cha afya na barua ya daktari wa figo. Barua ilisema achomwe dozi ya tatu ya chanjo ya korona. Alirudi mapema mno. Salka alimtazama mkono.

"Umeshachomwa?"

"Nimempisha kaka Bachir."

"Umempisha! Kwani barua ina jina lako au lake?"

"Tulikutana kwenye foleni, mimi mbele, yeye nyuma. Ulitaka nishike glasi kabla ya mkubwa wangu?"

"Na baada yake?"

"Nikaondoka. Mimi nimeshapata mbili, kadi imegongwa muhuri. Hiyo ya tatu ni ya nyongeza. Watu wanaingoja miezi sita, na mimi hata mitatu sijatimiza. Unataka niitwe mlafi?"

"Na harusi je?"

"Nitamimina nikiwa mlangoni."

"Chai ya mlangoni ni ya wapita njia," Salka alisema, akaondoka na ndoo yake.

Siku mbili baadaye jirani yao Tfarrah alileta hema lililochanika pembeni. Alikuwa nesi katika kituo kile, mwanamke wa maneno machache na hatua za haraka. Alikaa uani, mbali kidogo na Sidati, akashusha barakoa pale tu alipopewa glasi.

"Baba Sidati, Jumatatu nilikuona kituoni. Nikageuka kidogo, hupo."

Sidati akamweleza habari ya kumpisha kaka yake. Aliieleza kwa fahari, kama mtu aliyetenda jambo jema. Tfarrah alisikiliza, akanywa glasi ya kwanza, akanywa ya pili. Kisha akatazama saa yake na kusimama.

"Asante kwa chai, baba. Zamu yangu imefika."

Birika lilibaki hewani.

"Unakwenda wapi? Glasi ya pili ndiyo kwanza umemaliza!"

"Nimeshakunywa mbili. Zinatosha."

"Zinatosha nini? Nimekukosea nini, binti yangu? Ya kwanza chungu, ya pili tamu, ya tatu laini. Asiyekunywa ya tatu hajanywa chai!"

Tfarrah akakaa tena, polepole.

"Kumbe unajua," alisema. "Sasa mbona chanjo umeiacha kwenye glasi ya pili?"

Salka alicheka kutoka jikoni. Sidati hakucheka.

"Chanjo si chai. Wewe mwenyewe ulimaliza kwa mbili."

"Mimi nilimaliza, maana kinga yangu ni nzima. Wewe vidonge vyako vinamlegeza mlinzi wa mwili, asije akaiona figo ya shangazi Nguia kuwa mgeni asiyealikwa akaifukuza. Hilo ni jema. Lakini mlinzi huyohuyo ndiye anayefundishwa na chanjo. Ukimfundisha mara mbili huku anasinzia, anaweza asishike somo. Kwa hiyo watu kama wewe, dozi zao za mwanzo ni tatu. Hiyo ya tatu si ya nyongeza, baba. Ni ya kukamilisha."

"Sasa nyongeza ni ipi?"

"Nyongeza ni birika jingine. Mtu alikunywa, akatosheka, miezi ikapita, kiu ikarudi. Anatiliwa tena. Kaka yako Bachir alikuja kwa hiyo. Alikuwa amekamilisha zamani. Wewe hukuwa umekamilisha."

"Lakini miezi sita..."

"Hiyo ni hesabu ya birika jingine. Kwa chanjo uliyochomwa wewe, siku ishirini na nane baada ya dozi ya pili zinatosha. Daktari wako alihesabu kabla hajaandika barua. Na nyongeza yako nayo itakuja baadaye. Itakuwa ya nne."

"Ya nne! Watu watasema nakula sahani zao."

"Waseme. Hata wanaotibiwa saratani, na wenye virusi vya ukimwi visivyodhibitiwa vizuri, wengi huhitaji hivyohivyo. Kila mmoja amuulize daktari wake."

Sidati alikuna kidevu. Akapata wazo.

"Basi sikiliza. Niache vidonge wiki moja. Mlinzi aamke kabisa, ndipo nichomwe."

Tfarrah akaweka glasi chini kwa kishindo.

"Usithubutu! Mlinzi akiamka, kitu cha kwanza atakachofukuza ni figo. Hakuna kidonge kinachoachwa bila neno la daktari. Umenisikia?"

"Nimesikia, nesi."

"Haya, nipe glasi yangu ya tatu. Nimechelewa kwa sababu yako."

Jioni hiyo Salka hakumsubiri mumewe apange maneno. Alimpigia Bachir simu mwenyewe. Mzee alifika akiegemea fimbo, hakuketi.

"Ulinipisha ukiwa na barua mkononi?"

"Wewe ni mkubwa wangu, kaka."

"Mkubwa kwa miaka, si kwa maradhi! Mimi ningeweza kurudi kesho yake. Nguia hakukatwa ubavu ili wewe uonyeshe adabu kwenye foleni."

Sidati akainamisha kichwa. Neno hilo lilimchoma kuliko sindano yoyote.

Asubuhi walikwenda pamoja. Sidati alipotaka kusogea pembeni kwa mazoea, fimbo ya Bachir ilimgusa mgongoni.

"Mbele, mbele! Leo mimi niko nyuma."

Akachomwa. Mkono ulimuuma siku mbili, na homa kidogo ikaja ikaondoka. Daktari wa figo alifurahi kwa simu, lakini akamkumbusha: "Chanjo si ukuta wa chuma. Subiri wiki mbili ifanye kazi. Harusini kaa penye hewa, vaa barakoa, na glasi yako iwe yako peke yako."

Hilo la glasi lilikuwa gumu kuliko chanjo. Glasi kutozunguka? Salka akapata dawa yake. Alichukua nyuzi za mumewe za rangi zote, akafunga kila glasi uzi wake kwenye kitako.

Siku ya harusi, Sidati aliinua pande zote za hema upepo upite. Akakaa mwisho wa mkeka, barakoa usoni, birika mkononi. Wazee walipopokea glasi zao wakaanza.

"Sidati, umetufunga nyuzi kama mbuzi wa sokoni!"

"Mbuzi wa sokoni hajui hata rangi ya uzi wake," akajibu. "Wewe angalau ujue glasi yako. Ni nyekundu. Ukinywa ya kijani, nitakushona midomo!"

Hema zima likacheka. Nguia alikuwa amesimama upande wa wanawake, kitambaa mdomoni. Alitazama tu mkono wa kaka yake ukipanda na povu likishuka.

Siku tisa baadaye wageni wawili waliugua. Sidati naye akaanza kuwashwa koo. Hakungoja. Alimpigia daktari simu siku hiyohiyo, akapimwa, akakutwa na korona. Alifuatiliwa kila siku. Alikohoa wiki moja, akapona nyumbani. Figo ilipopimwa, ilikuwa inafanya kazi kama kawaida. Hakuna ajuaye ingekuwaje bila dozi ya tatu. Salka hakutaka kujua.

Majira ya machipuko barua nyingine ilifika: sasa ilikuwa zamu ya nyongeza. Sidati alikwenda peke yake, mkono wa shati umekunjwa tayari hadi begani. Mbele yake alisimama mwanamke mwembamba aliyejifunga kitambaa kichwani, nywele zimekwisha kwa matibabu. Alipomwona mzee nyuma yake, akasogea.

"Pita wewe, baba. Wewe ni mkubwa."

Sidati akaitazama karatasi mkononi mwake. "Daktari amekuandikia ya ngapi?"

"Ya tatu. Lakini si haraka, ni nyongeza tu..."

"Hapana, binti yangu," alisema Sidati, akarudi nyuma hatua moja. "Simama hapohapo mbele yangu. Nitakueleza habari ya chai."