Ya Chombo au ya Mtu?

Plagi ya amplifaya ilikuwa mkononi mwa Fundi, waya unaning'inia, na bado spika zilikuwa zinavuma.

Akaigeuza ile plagi, akaipuliza, akaitupa sakafuni. "Shenzi!"

Mmmmm, spika zikamjibu.

Chumba cha nyuma ndicho kilichokuwa studio yake. Ukutani magodoro ya kuzuia mwangwi, pembeni maikrofoni, mezani kompyuta na spika mbili za kusikilizia, zile zisizompamba mtu: ukiimba vibaya, zinakwambia umeimba vibaya. Ndiyo maana alizipenda. Yeye mwenyewe ndivyo alivyokuwa. Ufundi hakusomea popote, alijifunza kwa kuunguza vitu, na mteja akimletea sauti mbovu alimwambia papo hapo, "Rudi kafanye mazoezi, usinichoshe." Hasira zake zilikuwa karibu kama kiberiti cha mvutaji. Lakini uongo hakuujua.

Spika zenyewe hazikuwa na nguvu ndani, zilitaka amplifaya. Fundi alitaka yenye nguvu ya akiba, maana ndogo ukiilazimisha inakoroma na mwisho inachana spika. Aliyemtafutia ni Kinanda, mdogo wake wa tumbo moja, aliyepewa jina hilo kwa sababu ya chombo anachopiga. Akaja nayo begani, nyeusi, nzito kama jiwe la kusagia, kutoka studio moja iliyofungwa.

"Ilifungwa kwa nini?"

"Mwimbaji wao aliacha kuimba. Kaka, unataka amplifaya au unataka umbea?"

Tangu siku hiyo ni mvumo. Fundi alichomeka vyombo vyote kwenye soketi moja ili waya wa ethi, ule unaoshusha umeme ardhini, uwe mmoja. Alitenga kebo za sauti na nyaya za umeme. Alibadilisha kebo, akazima friji la jikoni, akazima hata taa. Mvumo ulikuwa ukishuka kidogo, kama mtu aliyeambiwa kuna mgonjwa, halafu unarudi pale pale. Na sasa plagi iko sakafuni.

"Unagombana na nani humo?" Mkewe aliingia akijifuta mikono. Kwa kuimba kwake na maneno yake mengi, watu walimwita Chiriku.

"Na hiki kibwengo."

"Kiache bwana. Angalau chenyewe hakitoki nje ya ufunguo kama wateja wako."

Akacheka, akaimba mstari mmoja wa wimbo wake, kwa mzaha tu. Mvumo ukapanda naye. Aliposhuka, ukashuka. Chiriku akakatiza katikati ya neno, mkono kifuani, na spika zikaendelea zenyewe, polepole, mpaka zikaumaliza mstari. Chumba kikajaa harufu ya vumbi linaloungua, na ndani yake marashi, yale yale aliyojipaka siku ya ndoa yake, ambayo chupa yake ilikwisha zamani.

"Mume wangu," alinong'ona, "wimbo huu sijamwimbia mtu."

Nyimbo hizo alizitunga akinyonyesha, akifua, akipanga foleni ya maji. Wiki hiyo ndiyo alikuwa azirekodi, Kinanda akimpigia, na kuna watu wa maana waliokuwa wakizisubiri. Hakuwa na kingine duniani alichokiita changu.

Kinanda alipoelezwa hakushangaa. "Nendeni mkamwone jirani yenu anayeumwa," alisema. "Niachieni ufunguo wa chumba. Mkirudi nitakuwa nimekimaliza hicho kibwengo."

Waliporudi jua lilikuwa bado juu. Fundi aliwasha amplifaya, akazungusha kitufe cha sauti mpaka mwisho, akategea sikio. Hakuna kitu. Kimya safi kabisa. Alimkumbatia mdogo wake mpaka miguu ikaacha sakafu. "Umenishinda, wewe mbwa! Chiriku! Njoo usikie!"

Chiriku akaja mbio akitabasamu, akafungua kinywa ampongeze shemeji yake.

Mmmmm.

Ulitoka kooni mwake, ule ule, wa chini, usiovuta pumzi, na alipofunga kinywa ukaendelea nyuma ya meno, na alipojiziba kwa viganja vyote viwili ukatetemesha pete kidoleni, huku macho yake yakimtafuta mumewe na kumwomba afanye kile anachofanya kwa kila kitu kibovu nyumbani humo, akitengeneze, na Fundi, aliyekuwa na jibu kwa kila waya, akabaki amesimama mikono mitupu.

Mganga aliitwa mchana ule ule, mama wa makamo mwenye haraka. Hakufungua hata kifurushi chake. Aliweka sikio kwenye spika, akauliza taratibu, "Umeingiaje?"

"Sikuiba," spika zikasema, kwa sauti ya Chiriku, na kicheko chake kidogo cha mwisho wa sentensi. "Nilipewa."

Wote wakamgeukia Kinanda.

"Nilisema sauti tu!" Jasho lilikuwa likimtiririka. "Nilisema, chukua sauti, utuachie kimya. Sauti, kaka! Mvumo si sauti? Nilimaanisha ya spika!"

Fundi alikaribia kumwamini. Neno ni hilo hilo moja, na mdogo wake ni huyo huyo mmoja, aliyemlea, aliyemwonyesha noti ya kwanza kwa kidole.

"Hata mimi sikumwelewa," spika zikasema kwa upole. "Nikamuuliza, sauti ipi, ya chombo au ya mtu? Akaenda mlangoni, akachungulia kama mnarudi. Halafu akaniambia, ya mtu."

Fundi akamsogelea mdogo wake. Chiriku tu alikuwa akivuma.

"Miaka yote nampigia yeye," Kinanda alisema akitazama chini. "Nani amewahi kunitazama mimi? Angenyamaza kidogo tu, ningeimba."

"Aliyetoa ndiye wa kurudisha," mganga akamwambia. "Sema, nimerudisha. Neno moja tu, mwanangu."

Kinanda alitazama maikrofoni. Alimtazama shemeji yake, machozi yakimshuka mashavuni na mvumo ukimtoka puani. Kisha akatazama tena maikrofoni, na hakusema.

"Basi nibadilishieni," spika zikanong'ona. "Mimi si mchoyo. Nitajieni nyingine."

"Mtu asifungue kinywa!" mganga akafoka. "Msimjibu!"

Lakini damu ilikwisha kumpanda Fundi mpaka kwenye macho, na kidole chake kilikuwa kimeshanyooka kumwelekea ndugu yake kabla akili haijakifuata. "Chukua ya huyu!"

Mvumo ukakatika kooni mwa Chiriku kama waya uliokatwa kwa koleo. Kinanda akafumbua kinywa aseme kitu, labda kaka, na kilichotoka ni mmmmm. Akatoka mbio na mdomo wake kaushika kwa mikono yote miwili, na mvumo ukasikika uani, kisha barabarani, mpaka magari yakaumeza.

Mganga akachukua kifurushi chake. "Mimi natoa kinachojiingiza. Hiki kilikaribishwa, na wewe umekilisha tena. Hakiondoki."

Chiriku alikohoa. Fundi akamfuata amshike, naye akarudi nyuma.

"Alikuwa ndugu yako."

"Alikuuza!"

"Najua." Sauti yake ilikuwa imerudi nzima. "Na wewe hukusita hata kidogo."

Akaketi mbele ya zile spika. Zilikuwa kimya, kimya cha mtu anayesikiliza.

"Siku nikikukasirikia, mume wangu," aliuliza, "mimi nitamtaja nani?"