Karanga za Hadija

Kila Jumamosi Rukaiya hufagia ua wa nyumba yao huko Mpendae, huosha vyombo, kisha hukalia mbuzi akakuna nazi. Jumamosi ile kazi zilimwendea haraka, kwa sababu nyumbani palikuwa na mgeni wa rika lake. Hadija alikuja na mama yake kutoka Bujumbura, nchini Burundi. Mama Hadija hununua kanga katika duka la Bi Wanu, mama yake Rukaiya, pale Mlandege, na safari hii walikaribishwa kulala nyumbani. Rukaiya alikuwa amemwahidi Hadija kwamba Jumapili watakwenda msitu wa Jozani kuona kima punju.

Usemi wa Hadija ulimchekesha Rukaiya mpaka machozi. "Kiswahili chetu hicho, shoga! Nyinyi mmekiokota njiani tu," alimtania. Siku ya kwanza Hadija alicheka naye. Siku ya pili akapunguza maneno.

Jioni ya ile siku ya kwanza, Bi Wanu alipokuwa akikaranga samaki, Hadija alichungulia jikoni akasema, "Mimi karanga hapana kabisa. Inanigonjeshaga."

Rukaiya alilitazama karai la mafuta. "Mama, mgeni hali vya kukaranga."

"Basi ntampikia vya kuchemsha," alijibu Bi Wanu. Hakuna aliyeuliza zaidi.

Jumamosi mchana mama wote wawili walikuwa dukani. Kwa heshima ya mgeni, Bi Wanu alikuwa ameacha kisamvu cha nazi na njugu za kusaga, kisicho na hata tone la mafuta. Rukaiya alipakua. Hadija alimega tonge, akasita.

"Humu hakuna karanga?"

Swali lilimshangaza Rukaiya. Kisamvu kikarangwe? Alitaka kumwuliza ana maana gani, lakini kicheko kilimtangulia. "Kisamvu hakikarangwi, shoga! Hamna. Kula."

Hadija akala.

Haukupita muda midomo yake ikavimba na shingo ikajaa vipele. Akajishika koo, akihangaika kuvuta pumzi. Rukaiya alipiga ukelele. Jirani yao, Bi Ummukulthum, akaja mbio, akawatia garini na kuwakimbiza hospitali. Huko Hadija alichomwa sindano na kuwekewa oksijeni.

"Amekula nini?" daktari aliuliza.

"Kisamvu cha nazi na njugu. Lakini hakikukarangwa, wallahi! Mwenyewe alisema hali vya kukaranga."

"Alisema kukaranga, au karanga?"

"Alisema… karanga hapana," alijibu Rukaiya.

"Njugu zetu, kwao ndizo karanga," alisema daktari. "Hata vitabuni mwenu zimeandikwa hivyo."

Kweli, Rukaiya alikuwa amelisoma neno hilo shuleni. Ila jikoni kwao halikuwahi kutamkwa, na siku ile hakulikumbuka. Alikaa kwenye benchi akalia.

Jioni Hadija alianza kupumua vizuri. Rukaiya alimshika mkono. "Nisamehe. Uliniuliza, nami nkakucheka."

"Nilitaka kuuliza mara ya pili," Hadija alijibu kwa sauti ya kukwaruza. "Niliogopa utanicheka tena."

Maneno hayo yalimchoma Rukaiya kuliko lawama yoyote.

Daktari alimtaka Hadija apumzike hadi siku ya safari ya kurudi kwao. Jozani hawakwenda. Jumapili nzima Rukaiya alikaa kando ya kitanda, akachora njugu ndani ya ganda lake, akaweka juu yake alama nyekundu ya X, akaitia picha hiyo katika mkoba wa mgeni wake.

Mama Hadija aliitazama, akatikisa kichwa. "Na mimi nilikosea. Nilimfundisha mtoto kusema, sikumfundisha kuonyesha. Ukiwa nchi ya watu, kinachokudhuru kionyeshe kwa macho."

Bi Wanu naye alikuwa na majuto yake. "Mimi mtu mzima nlijibu bila ya kuuliza," alisema. Kisha akamgeukia binti yake. "Rukaiya."

"Naam, mama."

"Kila siku tunasema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Mgeni naye anataka kupona, mwanangu. Ukisikia neno lake limekupiga chenga, usilicheke. Liulize."