Mshika Kamba wa Bruda Otmar

Saa saba mchana, Jumatatu tarehe 9 Juni 2025, mafundi wote wa kanisa la zamani la Nyabusolo walikuwa kwenye ugali. Hosiana, msanifu aliyepewa kazi ya kulikarabati, alibaki juu ya jukwaa ameshika ncha moja ya kamba ya kupangia tofali. Ncha ya pili ilipita nyuma ya kona, asikoweza kuona.

"Maige, vuta kidogo," alisema.

Kamba ikavutwa. Ikakaa sawasawa.

Aliposhuka alimkuta Maige, fundi wake mkuu, anamega tonge.

"Umeshuka saa ngapi?"

"Sijapanda, Injinia. Tangu dagaa waive nipo hapa nawalinda dhidi ya hawa walafi."

Wenzake wakacheka. Hosiana alinusa kiganja chake. Kilinuka chokaa mbichi, na kazi ile ilikuwa ya saruji.

Kanisa hilo lilijengwa na Bruda Otmar, mtawa mmisionari aliyefika sehemu hizo mwaka 1893. Alianza na ghala la misheni, upande wa Ushirombo. Ghala halikuvuja, akapewa kanisa. Kanisa likasimama, akawa msanifu wa nchi yote hadi ziwani: shule, nyumba za mapadre, makanisa yenye matao ambayo Hosiana aliyachora chuoni na kuyapenda. Yaliyobaki aliambiwa jioni ile na Paskazia, mganga wa kijiji.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Kaa. Kila jengo la Bruda, mshika kamba wake alikufa kabla ya paa. Mwisho watu wakakataa kumshikia. Akajenga hivyohivyo, jua la utosini, watu wamelala, na kamba imekaza. Hakuuliza nani anashika. Kazi ilikuwa inakwenda."

"Ni jini?"

"Sema polepole. Umeliita jina gani?"

"Maige."

"Basi umeliandika kazi kwa jina lake, mayu, mama yangu. Kila likiitwa hivyo, linakula nguvu zake."

Jumanne Maige alishindwa kunyanyua mwiko. Jumatano mikono yake ilikuwa myeupe hadi viwikoni, na mkewe, Martina, aliisugua kwa maji ya moto bila kitu kutoka. Alhamisi hakuamka kitandani, na mchana huo, mafundi wakiwa wamekimbilia kivulini na hakuna aliyethubutu kugeuka, walisikia mwiko ukigonga tofali, ukikwangua, ukigonga tena, na waliporudi wakakuta ukuta umepanda mistari mitatu, chokaa kati ya tofali bado inatiririka.

"Liage," Paskazia alisema. "Kwetu fundi haondoki mpaka mwenye kazi amlishe palepale na kumwambia kwa kinywa chake kazi imekwisha. Bruda alikufa hajaliaga. Liambie lirudi lilikotoka. Usiongeze neno."

Ijumaa mchana Hosiana alipanda peke yake na ugali na kuku, akaviweka juu ya ukuta, akashika kamba, na upande wa pili ukakaza papo hapo, na harufu ya chokaa ikamjaa puani na kooni, na nyuma ya kona akasikia kitu kinatafuna, mifupa na vyote, polepole, kama mtu aliyesubiri chakula hicho tangu kabla babu yake hajazaliwa, na kinywa chake kilipofunguka kikatoa maneno aliyowaambia mafundi wote maisha yake yote.

"Kazi imekwisha. Asante. Nenda katafute kazi kwingine."

Kamba ikalegea. Sahani ilikuwa tupu. Jioni Maige aliomba uji, akamaliza kikombe, akamtania mkewe kwamba umekosa sukari.

Jumamosi saa nne asubuhi simu iliita. Ni Cornel, mkandarasi anayejenga nyumba ya wageni Bugarama.

"Dada Hosiana, asante kwa fundi."

"Fundi gani?"

"Maige. Kaja alfajiri, anasema umemruhusu. Hali chakula, hapumziki. Mikono imejaa chokaa."

"Cornel, mfukuze. Usimwite jina. Nakuomba."

Cornel alicheka. "Fundi kama huyu? Nimeshinda namwita tangu asubuhi!"

Hosiana alikimbia hadi kwa Maige. Martina alikuwa mlangoni, khanga mdomoni.

Maige alizikwa Jumapili, Segese. Jumatatu tarehe 16 Juni, nyumba ya Cornel ilifika lenta, juu ya madirisha. Fundi anayeitwa Maige alikuwa bado kazini.