Dawa ya Nani?

Mlango wa nyumba ya Daktari Restituta ulikuwa wazi, jua la adhuhuri limejaa sebuleni, na bado mtu alikuwa anajaribu ufunguo kitasani. Kra, kra. Kimya. Kra, kra. Restituta aliinuka akakitazama kile kitasa. Hapakuwa na ufunguo wala mkono. Kulikuwa na harufu tu, kali, yenye udongo mbichi ndani yake, na hiyo aliijua. Ilikuwa harufu ya mzizi.

Mzizi huo aliuchimba mwenyewe likizo iliyopita, kilimani hapo hapo kijijini Mbuba, akionyeshwa na shangazi yake Agripina, mganga. Kabla jembe halijagusa ardhi, Agripina aliuliza, "Unachimba dawa ya nani?"

"Ya watu wote, shangazi. Ya dunia nzima."

"Dunia haina homa, mwanangu. Mwenye homa ni mtu, na mtu ana jina."

Restituta alicheka. Msomi akishaamua kucheka, nani atamzuia? Yeye alitafuta dawa za malaria kwa kompyuta. Maabara ya Dar es Salaam ilitoa kiini cha ule mzizi, yeye akachora umbo lake, na kompyuta za chuo zikawa zinaligeuza huku na huku kwenye umbo la kimelea cha malaria, kama mtu anayejaribu ufunguo, mpaka liingie. Kazi ya maisha yake yote ilikuwa inangoja hapo. Sasa alikuwa nyumbani na binti yake Ishimwe, akisubiri simu ya msaidizi wake, Kwizera.

Mgeni njoo, mwenyeji apone, husema watu. Mgeni huyu hakuja kumponya mtu. Kesho yake sauti ilihamia jikoni, kisha chumbani kwa mtoto, na Ishimwe, aliyezoea kushinda akikimbiza mbuzi, akalala kutwa nzima mwili ukiwaka moto. Zahanati walimpima wakasema hana malaria. Jioni, Restituta alipokuwa anamfunika, aliisikia ile kra, kra karibu mno, si mlangoni wala dirishani, akainama akaifuata kama mama anavyofuata pumzi ya mwanawe, ikampitisha juu ya mto, juu ya shuka, mpaka kwenye mbavu za binti yake, na hapo, chini ya ngozi iliyokuwa ikichoma, kitu kilikuwa kinageuka huku na huku, polepole, bila haraka yoyote.

"Mama," Ishimwe alinong'ona, "kuna mtu anataka kufungua hapa."

Agripina aliitwa. Alifika mlangoni, akanusa, akakataa kuingia.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba. Ile dawa uliipa jina la nani?"

"Sikuipa jina. Mungu ni shahidi yangu."

"Basi imemjuaje mtoto?"

Hapo Restituta akakumbuka. Kompyuta haianzi kazi mpaka umbo lipewe jina, naye aliandika jina alilolipenda kuliko yote duniani. Aliandika Ishimwe.

"Nitawaambia waifute," alisema kwa sauti ya chini, mtoto asisikie.

"Ukifuta, itabaki na mgonjwa wake. Dawa iliyokwisha kuchimbwa haifutwi, inahamishwa. Na ikishaingia ndani ya mtu, haitoki."

Simu ikaita. Alikuwa ni Kwizera, furaha tele.

"Daktari, shikamoo! Ishimwe anakaribia kuingia! Bado kidogo tu!"

"Badilisha jina, Kwizera. Sasa hivi."

"Jina? Sawa, Daktari. Niandike la nani?"

Chumbani ile kra, kra ikakoma. Restituta alimtazama shangazi yake, na shangazi akatazama chini. Restituta aliogopa, aliogopa kweli. Kisha akamsikia Ishimwe akikohoa.

"Andika Restituta."

"Jina lako!" Kwizera akacheka. "Unastahili kabisa, Daktari."

Ufunguo ukazunguka mara moja tu, kwa ulaini. Chumbani Ishimwe akaita, anataka uji. Restituta akaenda kuwasha moto, mkono mmoja umeshika ubavu, na Agripina akasogea kumpisha, akiangalia nguo zao zisigusane.