Picha Aliyopigwa Mwatum

Nyumba ya Mwatum na mumewe Ngwali, pale Mgogoni, ilikuwa nyumba ya raha. Si raha ya mali, la. Raha ya watu wanaosikilizana. Asubuhi moja Mwatum alikuwa uani anamenya muhogo, watoto wakubwa wamekwenda skuli, wadogo wawili wanamvuta kanga, na Ngwali anatia mpini jembe huku akimtania kwamba siku hizi kanawiri kama mwari. Mwatum akacheka.

Haki yake kunawiri. Alipomzaa mtoto wa tano, na wa nne hata hajaacha ziwa, alitokwa na damu mpaka akatiwa chupa tatu za damu, na daktari akamwambia Ngwali waziwazi: mkeo akishika mimba nyengine karibuni, usije kunilaumu. Mume na mke wakakaa wakashauriana. Ngwali mwenyewe ndiye aliyempakia mkewe kwenye baiskeli hadi kituo cha afya, Mwatum akachomwa sindano ya kupanga uzazi, na kila baada ya miezi mitatu akawa anarudi. Hawakumwambia mtu. Mambo ya chumbani ni ya wenye chumba.

Basi asubuhi ile ile, Bi Mardhiya, mamake Ngwali, akaingia bila ya hodi, simu mkononi, na ndugu wawili wa Ngwali nyuma yake.

"Ngwali, tazama mkeo anavyotembezwa dunia nzima!"

Ilikuwa picha ya Mwatum. Amekaa kwenye benchi la kituo cha afya, uso wote unaonekana, kadi yake ya kliniki mkononi. Juu yake yameandikwa maneno makubwa: WANAWAKE MGOGONI WAWAFICHA WAUME ZAO, WAKIMBILIA SINDANO. Chini, jina la mwandishi: Fahmi Shaame.

Mwatum akakumbuka. Wiki iliyopita kijana mmoja mwenye mkoba alisimama mlangoni mwa kituo, ameinua simu. Yeye alidhani anatafuta mtandao.

"Mwongo huyu!" alisema. "Mimi sikumficha mtu. Ngwali, waambie. Ngwali!"

Ngwali akamtazama mamake. Akawatazama ndugu zake. Kisha akaangalia chini.

"Mimi sikujua," akasema.

Ndugu zangu, maneno mawili tu. Kabla ya adhuhuri Mwatum, kafukuzwa na mkwewe, alikuwa njiani kurudi kwao Kisiwa Panza, na mtoto mmoja tu, yule wa kunyonya. Wanne wamebaki kwa bibi yao. Kosa lake lilikuwa lipi? Kutaka kuishi awalee.

Picha ikaruka kutoka simu hadi simu. Wanawake wa Mgogoni wakaiona, na kila mmoja akajisemea moyoni, leo ni Mwatum, kesho ni mimi. Miezi minne baadaye Kauthar, muuguzi wa kituo kile, alimpigia simu.

"Mwatum, benchi langu tupu. Jirani yako Zulekha aliacha kuja, anaogopa kupigwa picha. Mimba ikaingia, na mtoto wake ana miezi saba. Jana imeharibika. Katoka damu nyingi, kalazwa, hata mamake hamtambui."

Mwatum, aliyekuwa akilia tangu alipofika kwao, siku ile machozi yalimkauka. Akauliza, "Huyo Fahmi anapatikana wapi?"

"Wiki ijayo kuna mafunzo ya waandishi wa habari kule Tibirinzi, wanafundishwa kuandika habari za afya ya uzazi. Nimeitwa nikazungumze. Jina lake limo."

"Basi na mimi nimo."

"Hukualikwa, dada."

"Hata yeye hakualikwa kwangu."

Siku ilipofika, Mwatum alivuka maji, akapanda gari, akashuka Tibirinzi mtoto kiunoni. Mlangoni mwa ukumbi bwana mmoja akamzuia.

"Bibi, humu mna mafunzo ya waandishi."

"Najua. Nimekuja kuwafunza."

Akapita. Mkufunzi, Bi Asya, alikuwa ubaoni ameandika neno moja, RIDHAA. Watu wakageuka. Mwatum akasimama katikati yao.

"Fahmi ni nani?"

Kijana mmoja akainua mkono polepole.

"Mimi unanijua?"

Fahmi akamkodolea macho. Hakumjua.

"Hunijui! Umeitembeza sura yangu Pemba nzima na hunijui. Basi nijue. Naitwa Mwatum, mama wa watoto watano, na wanne sijawaona mwezi wa nne huu. Uliniomba ruhusa?"

"Hapana, Bi Mwatum."

"Umeandika kwamba namficha mume wangu. Nani alikwambia?"

"Nilisikia... watu wanasema."

"Watu gani? Wataje!"

Fahmi akafunga daftari lake. Mwatum akawaeleza habari za Zulekha, tangu alipoliogopa benchi hadi kitanda alicholazwa. Fahmi akasimama.

"Nisamehe, dada yangu. Nipe nafasi niandike upya. Nikupige picha nyengine, nzuri, ya heshima..."

"Picha? Kumbe hujasikia hata neno moja!" alisema Mwatum. "Sauti yangu nakupa. Uso wangu niachie mwenyewe."

Bi Asya akaweka kalamu chini. "Waandishi, mmesikia," akasema. "Hilo ndilo nililokuwa nikitafuta namna ya kulieleza tangu asubuhi."

Akamwomba Mwatum akae mafunzo yote. Fahmi akaifuta habari ile mbele ya wenzake. Akamhoji Kauthar, akajifunza kwamba sindano ile haiui kizazi, na kwamba mwanamke akiiacha huweza kuzaa tena. Kisha akairekodi sauti ya Mwatum. Ijumaa iliyofuata ikasikika redioni, na Fahmi akalikiri kosa lake kwa jina lake.

Ngwali alisikiliza. Siku ya pili yake alikuwa Kisiwa Panza, amekaa ukingoni mwa mkeka kama mgeni.

"Turudi nyumbani, mke wangu. Yamekwisha."

"Yamekwisha kwa nani? Mimi sikuwa na shaka kwamba ulijua. Wasiojua ni wale. Nenda ukawaambie, ndipo uje unichukue."

"Wote?"

"Wote uliowadanganya."

Ngwali akarudi peke yake. Alasiri, wanaume wa kijiji wamekaa barazani na mamake anasikia, akasimama. "Mke wangu hakunificha kitu. Nilimpeleka mimi. Niliogopa midomo yenu nikasema uongo, nikamwacha aubebe peke yake."

Wapo waliocheka. Lakini mmoja wao, Mzee Jabir, alimvuta pembeni, akamuuliza kwa sauti ya chini kituo hufunguliwa siku gani, maana binti yake ana watoto waliofuatana.

Mwatum akarudi kwa wanawe. Zulekha naye alitoka hospitali, mwembamba, lakini hai. Tarehe ya kliniki ilipofika wakaenda wawili, saa nne ya asubuhi, wakapita mbele ya baraza ile ile.

"Assalaam alaykum!" Mwatum akatoa salamu kwa sauti. "Twaenda kituoni!"

Wanaume wakatazamana. Kisha akaitikia mmoja, na wa pili, na mwisho baraza nzima.

FUNZO LA KISA HIKI

Enyi wenye kalamu na simu, yule mnayempiga picha ana nyumba, na mkishaondoka yeye anabaki ndani yake. Muombeni ruhusa, na msiandike msichokiuliza. Habari ya uongo kuhusu uzazi humwaga damu ya watu, na Zulekha ni shahidi. Nanyi waume, mlilolikubali chumbani msilikane barazani. Na wewe dada, aibu si yako. Usiinamishe uso kwa kutaka kuishi.