Paka wa Cheti na Doa la Ubavuni

Jumanne, saa mbili na robo asubuhi, mwenye nyumba alimvua paka wake kivesti cha sufu, akaona doa. Lilikuwa ubavuni kushoto, la rangi ya kahawia iliyoiva, kubwa kama kiganja cha mtu mzima. Paka aliyemwacha wiki tisa nyuma, alipokwenda kukaa kwa mwanawe, alikuwa na rangi ya maziwa mwili mzima, ukiacha uso, masikio, miguu na mkia. Akampigia simu wifi yake. Wifi akaja mbio, akatazama, akasema huyo siye. Saa tatu kasorobo wote wawili walikuwa getini, wakiwatangazia majirani kwa sauti ya juu kwamba dada wa kazi ni mwizi: kamuuza paka wa Kisiamu mwenye cheti na kuweka wa jalalani mahali pake.

Saa tatu na nusu akafika Sajenti. Alikuwa mwanamke wa miaka hamsini na tisa, mwenye goti bovu na miezi minne ya kazi iliyobaki. Katika kazi hiyo alishatafuta ng'ombe, transfoma, maiti, na safari moja mlango wa kanisa. Paka alikuwa bado. Sebuleni alikuta kuta zimejaa fremu za vioo: cheti cha ususi, cheti cha kuhudhuria semina ya siku moja, cheti cha kushiriki tu, na katikati yake, ndani ya fremu ya dhahabu, cheti cha ukoo wa paka. Majirani walimwita mwenye nyumba Mama Vyeti, na Sajenti akaona kwamba hawakumwonea.

"Huyu babu na bibi zake wameandikwa mpaka kizazi cha tano," alisema Mama Vyeti.

"Mimi wangu nawajua mpaka cha tatu tu," Sajenti alijibu. "Mtuhumiwa yuko wapi?"

Dada wa kazi alikuwa jikoni, amekalia ndoo iliyopinduliwa, begi lake limeshafungwa zipu. Sajenti naye akavuta ndoo, akakaa, goti likalia. Wakazungumza kwa nusu saa. Mwanamke huyo alikuwa ametumikia nyumba ile miaka sita. Wakala aliyemleta alishapigiwa simu, na alikuwa amesema kwamba ikifika jioni bila jibu, jina lake linafutwa daftarini kwa wizi. Likifutwa kwa wizi hakuna nyumba itakayomfungulia mlango tena, na nyuma yake wapo mama mgonjwa na watoto wawili wanaosoma.

Kuhusu paka alieleza hivi. Wiki ile ya kwanza baada ya mama mwenye nyumba kusafiri, yeye alipewa ruhusa ya siku nne kwenda kumuuguza mzazi wake, na paka akapelekwa kwa wifi. Aliporudi, akamkuta mnyama amevishwa kivesti. Wifi akamwonya asikivue kabisa, paka ana kifua. Tangu hapo, kila Jumamosi saa nne, wifi alikuja mwenyewe kumbadilisha, tena chumbani, mlango umefungwa.

"Na wewe hukuchungulia?"

"Afande, mtu mzima akiamua kumvalisha paka sweta, mimi nichungulie nini? Nina vyombo."

Sajenti akamwuliza kama anadhani ndiye yule yule.

"Ndiye. Anakoroma vile vile, ananing'ata kisigino vile vile chakula kikichelewa. Wao wanatazama rangi. Anayeng'atwa ni mimi."

Sebuleni, wifi hakusubiri kuhojiwa. Alikuwa mwanamke mrefu, mwenye pete tatu kwenye kidole kimoja, na alisema na dari zaidi kuliko na watu. Alieleza kwamba paka wa ukoo hashiki doa; wa kwake nyumbani, mwenye cheti vile vile, hana hata nukta. Wasichana wa kazi hawajui thamani ya kitu. Wangejua wapi.

"Huyo mtupeni nje," alisema. "Wa jalalani, na hata kuzaa hazai. Mtamfuga wa nini?"

Kisha akakumbuka kwamba muuza samaki wa pale kona ana paka wa rangi hiyo hiyo. Alimwona kwa macho yake. Mnunuzi si mwingine. Sajenti aliyaandika yote neno kwa neno, bila kuinua kichwa.

Saa nne na nusu walikuwa kwenye meza ya muuza samaki. Chini ya meza, juu ya gunia bichi, alilala paka wa rangi ya maziwa mwenye masikio ya kahawia na macho ya buluu. Mama Vyeti alipiga magoti kwenye magamba, akamkumbatia, machozi yakamtoka. Akasema ndiye, angemtambua hata gizani, damu ya ukoo haijifichi.

Sajenti alimtazama paka yule bila haraka. Kichwa kilikuwa kipana, mashavu yametuna kama ya mpiga tarumbeta, shingo nene. Yule wa nyumbani alikuwa na uso uliochongoka kama kabari, masikio mapana, na mwili mwembamba kama soksi ndefu. Hata kipofu angewatenganisha kwa kupapasa. Akauinua mkia.

"Mama, huyu ni dume."

Mama Vyeti akamwachia paka, akasimama. Muuza samaki, kisu mkononi, akasema paka huyo anaitwa Mzee, ana miaka saba, kazaliwa chini ya meza ile ile na mama mweusi kama chini ya sufuria. "Lakini kama mama amempenda," aliongeza, "nitamwandikia cheti."

Wateja wakacheka. Sajenti hakucheka, ila alinunua samaki wawili kwa heshima ya maneno hayo.

Saa sita kamili alimweka paka mwenye doa juu ya meza ya daktari wa mifugo, mzee mmoja mkimya. Daktari alilisugua doa kwa pamba yenye spiriti. Pamba ikatoka safi. Si rangi ya kupaka. Akamwonyesha Sajenti kingo za doa: zilikuwa zimenyooka pande zote nne kama zimepigwa rula. Akapambanua manyoya, na katikati, ngozini, kukaonekana kovu jembamba la urefu wa nusu kidole. Akaeleza kwa dakika kumi. Sajenti akamwomba ayaandike na kutia sahihi. Kisha akapiga simu moja, kwa daktari anayemtibu paka wa wifi.

Saa tisa alasiri aliwakusanya sebuleni. Dada wa kazi alisimama mlangoni, begi miguuni.

"Kitendawili," alisema Sajenti.

"Tega," Mama Vyeti akajibu kwa mazoea.

"Nanyoa peupe, panaota peusi."

Wifi alitazama dari.

"Vyeti vyote hivi na hakuna jibu," alisema Sajenti. "Jibu amelala hapo kwenye kochi."

Akawaeleza kama anavyoeleza mtu aliyechoka. Paka wa Kisiamu huzaliwa mweupe. Manyoya yake hushika rangi panapopata baridi, ndiyo maana masikio na mkia ni kahawia, tumbo lenye joto ni jeupe. Ukimnyoa ubavu, ngozi inapoa, na manyoya mapya yanaota ya kahawia. Akija kupukutisha manyoya, meupe yatarudi. Kwa hiyo doa halisemi amebadilishwa, linasema amenyolewa. Na aliyenyolewa pembe nne, mwenye kovu katikati, amepasuliwa. Paka huyu amefungwa kizazi.

Mama Vyeti akasema basi ndiyo kusema si wake, wake alikuwa mzima, majirani watatu walishaahidiwa watoto. Sajenti akaitungua fremu ya dhahabu ukutani, akaifungua, akageuza karatasi. Nyuma palikuwa na mstari mmoja: alama ya mnyama, kifundo mkiani, mfupa wa pili kutoka nchani.

"Miaka mitatu mmeitundika na hakuna aliyeigeuza. Papasa mkia, mama."

Mama Vyeti alipapasa. Vidole vyake vikasimama karibu na ncha, na uso ukamshuka.

"Sasa wewe," Sajenti alimgeukia wifi. "Daktari amejua saa sita kwamba huyu hazai. Wewe uliniambia kabla ya saa nne na nusu. Na daktari wako anasema ulimpelekea paka wa Kisiamu wiki nane zilizopita, ukasema ni wako."

Wifi akayashusha macho kutoka darini, labda kwa mara ya kwanza siku ile. Alisema manyoya yalipaswa kurudi vile vile, asingejua mtu. Jumamosi iliyopita alipoona yameota ya kahawia, akarudishia kivesti na kuondoka. Kisha, kwa uchungu wa kweli, akasema kwamba katika ukoo mzima ni nyumbani kwake tu wageni waliletwa kutazama watoto wa paka, na mwaka huu wangeanza kuletwa hapa.

"Kwa hilo ukataka mtu afungwe," alisema Sajenti.

"Ni dada wa kazi tu, angepata nyumba nyingine."

Sajenti alishatazama macho ya wauaji bila kuchukia hivyo. Akamwambia achukue mkoba wake, kutoa taarifa ya uongo polisi ni kosa, na njiani hatataka mazungumzo.

Mama Vyeti alikuwa bado anaupapasa mkia. Akauliza hilo doa litachukua muda gani kutoka. Sajenti alimpigia simu wakala, akamsomea jalada mwanzo mpaka mwisho, na akasubiri mpaka aliposikia jina limebaki daftarini.

Ndipo Mama Vyeti akamkumbuka mtu aliyesimama mlangoni. Alimwambia yameisha, afungue begi, jioni inaingia na hakuna kilichopikwa. Dada wa kazi akasema hapiki. Anaondoka na barua nzuri ya miaka sita, ambayo iliandikwa hapo hapo mezani mbele ya Sajenti. Kabla ya kuondoka, alisema, alikuwa na jambo moja la getini.

Wakatoka wote. Majirani wa pande zote mbili walikuwa wamesimama, wamesikia gari la polisi. Mama Vyeti akajikohoza, akaangalia viatu vyake, akasema polepole kwamba kumbe yule dada hakuiba kitu.

Dada wa kazi akaliweka begi chini.

"Kwa sauti ile ya asubuhi, mama," alisema.